Stendi ya Maikrofoni ya Kaboni: Ushauri kwa Mafundi na Walimu wa Nachingwea na Ruangwa

Kama stoo ya shule yenu, ofisi ya chama cha msingi au kabati la babu lina simu nyeusi ya zamani, ile nzito yenye mkono wa bakelaiti, usiitupe wala usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu. Zungusha kifuniko cha upande wa kusemea, kitafunguka. Ndani yake utakuta kapsuli ya duara inayotosha kiganjani, yenye matundu usoni. Itikise taratibu karibu na sikio na utasikia kitu kama mchanga kikihamahama. Hizo ni chembe za kaboni, na hiyo kapsuli ndiyo maikrofoni iliyobeba sauti za watu kwenye nyaya za simu kwa karibu miaka mia moja.

Makala haya ni ya mtu aliyeamua kuitoa stoo na kuiweka mezani ifanye kazi tena: mwalimu wa fizikia wa Chunyu, fundi redio wa Nachingwea mjini, au kijana wa Ruangwa anayetaka wenzake wasikie sauti ilivyokuwa ikisafirishwa zamani. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na yote yanayofuata yanautumikia: usiichukulie stendi kuwa kitu cha kushikia tu. Kwa maikrofoni ya kaboni, stendi ni nusu ya chombo. Ikitengenezwa vizuri, maikrofoni itausikia mdomo wa msemaji. Ikitengenezwa ovyo, itasikia meza, sakafu, mashine ya kusaga ya jirani na bodaboda inayopita nje, na msemaji atakuwa wa mwisho kusikika.

Waliotutangulia walijifunza nini

Mwaka 1877 Emile Berliner na Thomas Edison, kila mmoja kwa njia yake huko Marekani, walitengeneza maikrofoni zilizotegemea mgusano unaokazwa na kulegezwa na sauti. Mwaka uliofuata David Edward Hughes alionyesha London kwamba hata vijiti vya kaboni vilivyoegemeana kwa ulegevu, au misumari mitatu tu, vinatosha kufanya kazi hiyo. Chombo chake kilikuwa na usikivu wa kushangaza, kwa sababu kilisimama juu ya ubao mwembamba na kila kilichougusa ubao huo kilisikika. Mwaka huohuo wa 1878 Henry Hunnings, kasisi wa Kianglikana wa Yorkshire, akaweka chembechembe za kaboni nyuma ya kiwambo, yaani utando mwembamba. Mwaka 1890 Anthony White wa Marekani akalipa wazo hilo umbo imara: upande mmoja wa chembe umefungwa kwenye chuma kisichotikisika, upande wa pili umeshikwa na kiwambo kinachotikiswa na sauti. Simu za dunia nzima zikafuata njia hiyo.

Redio ilipokuja miaka ya 1920, usikivu ule uliokuwa sifa uligeuka kuwa shida. Msemaji akisogeza karatasi au akigusa meza kwa kiwiko, wasikilizaji wote walijua. Ndipo mafundi wakaitundika maikrofoni katikati ya pete ya chuma kwa springi, isiguse kitu kingine chochote. Eugen Reisz wa Berlin alikwenda mbali zaidi: maikrofoni yake ilichongwa ndani ya jiwe zito la marumaru, na BBC iliitumia kwa miaka mingi. Mafunzo mawili ya zama hizo, yaani uzito na ulegevu, ndiyo msingi wa stendi utakayotengeneza.

Huku kwetu, matangazo ya redio yalianza Nairobi mwaka 1928, na Dar es Salaam mwaka 1951. Kufikia hapo studio zilikuwa zimeanza kuhamia kwenye maikrofoni za aina nyingine, lakini simu ziliendelea kutumia kaboni. Mwaka 1947 Waingereza walipoanzisha mradi wao wa karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya vituo vyake vitatu pamoja na Kongwa na Urambo, simu ya mezani ya ofisi ilikuwa na maana ya simu ya kaboni. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake kutoka pwani hadi Nachingwea ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Simu zenyewe zilibaki kazini mahali pengi nchini: chini ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, halafu chini ya Shirika la Posta na Simu Tanzania, hadi kampuni ya simu ya TTCL ilipoanza mwaka 1994. Tazama chini ya simu yako. Mihuri na herufi zilizochapwa hapo zitakusaidia kujua ni ya enzi gani.

Ijue kabla ya kuijengea

Kiwambo kikisukumwa na sauti, chembe hubanana na umeme hupita kwa wingi; kikirudi, chembe hulegea na umeme hupungua. Mkondo wa betri unachukua umbo la sauti. Kutokana na hilo yapo masharti ambayo stendi lazima iyatimize.

Kwanza, kiwambo kisimame wima, uso ukimtazama msemaji. Chembe hazijajaa kabisa ndani ya chumba chake, na ukiilaza maikrofoni chali zitakimbilia upande mmoja. Kapsuli za mkono wa simu zinavumilia kuinama kwa sababu watu hushika simu kila namna. Maikrofoni za zamani zaidi za umbo la White hazivumilii.

Pili, isitikiswe wakati umeme unapita. Chembe zikihamahama zikiwa na mkondo, cheche ndogo huzifanya zishikane, na zikishashikana sauti hufifia. Zikishikana, zima umeme kwanza, kisha gonga ubavu wa kapsuli kwa ncha ya kidole, polepole, mpaka zilegee.

Tatu, stendi isiidhuru. Usitoboe kapsuli ya asili, usiichomelee wala kuigundisha. Ibane kwa kitu kinachoweza kufunguliwa, ili atakayekuja baada yako aikute kamili.

Basi usianze na msumeno. Anza na mizani, rula na penseli. Ipime kapsuli kwa gramu, upana wake na unene wake kwa milimita. Pima ukinzani wake kwa mita ya fundi: kapsuli nyingi nzima za simu huonyesha kati ya omu 50 na 200, na namba hucheza ukiitikisa. Kama mita haisomi chochote, chunguza kwanza mguso wa shaba ulio nyuma. Mara nyingi ni kutu tu. Kisha kata mfano wa stendi nzima kwa boksi la karatasi ngumu, uuweke mezani, ukae mbele yake na usome gazeti. Boksi litakuonyesha kama urefu unafaa kabla hujaharibu mbao.

Nyumba ya kapsuli

Kapsuli peke yake ni nyepesi mno kutundikwa. Kitu chepesi hutikiswa na chochote, kwa hiyo ipe nyumba nzito. Kusini tuna mti ambao ungemfaa Reisz: mpingo, ambao ni mzito hata unazama majini. Huhitaji gogo. Kwa wachonga vinyago hubaki vipande, na kipande chenye upana wa sentimita 8 na unene wa sentimita 4 kinatosha. Kama unanunua mbao mpya, iwe mpingo au mninga, nunua kwa mfanyabiashara mwenye vibali vya misitu. Ukikata au kupiga msasa mpingo, funika pua na mdomo, maana vumbi lake huwasha na hudhuru mapafu.

Chimba upande wa mbele shimo la duara linaloipokea kapsuli bila kuibana. Zungushia ndani kitambaa kizito, kisha ishike kapsuli kwa pete nyembamba ya shaba nyeupe au bati, yenye skrubu tatu zinazoingia kwenye mbao tu. Nyuma toboa tundu dogo la waya. Nyumba pamoja na kapsuli ifikie gramu 300 au zaidi. Ikipungua, ongeza washa za chuma kwa nyuma.

Sasa tafuta kitovu cha uzito. Iweke nyumba ubavu juu ya ukingo wa rula na uisogeze mbele na nyuma mpaka isilale upande wowote. Piga mstari hapo kuizunguka nyumba nzima. Kulabu zote nne za springi zifungwe juu ya mstari huo. Ukizifunga mbele au nyuma yake, maikrofoni itainamisha au itainua uso, na sharti la kusimama wima litakuwa limevunjika.

Springi au mpira

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu hudhani springi ngumu ndiyo imara. Springi ngumu hupitisha mtetemo wa meza moja kwa moja. Kinachotakiwa ni ulegevu wenye kipimo, na kipimo chake ni rahisi. Tundika nyumba bila msaada wa mkono, kisha pima imeshuka milimita ngapi kutoka mahali ambapo springi zingeishikilia kama isingekuwa na uzito. Gawanya 16 kwa kipeuo cha pili cha milimita hizo. Jibu ni idadi ya mitetemo kwa sekunde ambayo nyumba hiyo itapenda kuchezea.

Ikishuka milimita 1, jibu ni 16. Ikishuka milimita 4, jibu ni 8. Mitetemo iliyo chini ya namba hiyo hupita, inayokaribiana nayo hukuzwa, na iliyo juu yake kwa mbali huzuiwa. Sauti ambayo simu ilitengenezwa kuibeba iko kati ya mitetemo 300 na 3,400 kwa sekunde, na kishindo cha meza iliyogongwa kina mitetemo mingi zaidi ya 8. Kwa hiyo lenga mshuko wa milimita 4 hivi. Mshuko wa milimita 9 utakupa mitetemo 5 na kidogo, lakini maikrofoni itaning'inia na kuyumba kila msemaji anapopumua. Ulegevu nao una mwisho.

Springi ndogo za kuvuta hupatikana kwenye redio kaseti mbovu na mashine za kuchapa. Chagua nne zinazolingana. Springi tupu huimba ikiguswa, na mlio wake huingia kwenye maikrofoni. Pitisha uzi wa sufu au kipande chembamba cha sponji ndani ya kila moja, zitanyamaza. Ukikosa springi, kata vipande vya tyubu ya baiskeli vyenye upana wa milimita 4 au 5. Mpira haulii, na unaurekebisha kwa kuufupisha au kuurefusha. Ubaya wake ni kwamba joto letu huuchosha, na salfa iliyomo huifanya shaba iwe nyeusi. Usiuache uguse shaba moja kwa moja, na uubadilishe mara unapoanza kupasuka.

Zifunge springi kwa umbo la X, kona nne, wala usizifunge juu, chini, kulia na kushoto. Kwa X kila springi inabeba sehemu ya mzigo na nyumba haizunguki.

Pete, nguzo na kitako

Pete itengenezwe kwa nondo ya milimita 6 iliyokunjwa duara lenye upana wa ndani wa sentimita 18 au 20. Fundi wa kuchomelea ataimaliza kwa muda mfupi. Mwambie achomelee na vikulabu vinne kabisa. Nyumba yenye upana wa sentimita 8 itabakiwa na nafasi ya sentimita 5 au 6 kila upande, inayotosha springi kunyooka na mkono kuingia. Piga msasa na rangi baada ya kuchomelea, na usiwahi kuchomelea chochote maikrofoni ikiwa karibu.

Nguzo ni bomba fupi la chuma. Katikati ya maikrofoni iwe sentimita 30 hadi 35 juu ya meza, usawa wa mdomo wa mtu aliyekaa. Bomba likiwa jembamba litayumba. Jaza ndani mchanga mkavu uliochekechwa, uzibe pande zote mbili.

Kitako ni mninga wa sentimita 25 kwa 25, unene wa sentimita 4. Huo peke yake una uzito wa kilo moja na nusu hivi. Ongeza bamba la chuma kwa chini. Weka miguu mitatu badala ya minne: miguu mitatu hukanyaga yote hata meza ikiwa na mbonyeo. Mguu mmoja uwe upande wa mbele, chini ya maikrofoni, kwa sababu huko ndiko stendi itakakoangukia ikisukumwa. Nyayo za miguu zikatwe kwenye kandambili kuukuu.

Waya na betri

Waya mgumu ni daraja la mtetemo. Utatundika maikrofoni kwa uangalifu wote, halafu waya mnene uurudishe mtetemo wa meza ndani. Tumia waya mwembamba wenye nyuzinyuzi nyingi, uache kitanzi kilicholegea kati ya nyumba na pete, kisha uufunge kwenye nguzo kabla haujashuka.

Kapsuli ya simu hutosheka na volti 3, yaani betri mbili za tochi, na mkondo wa miliampea 20 hadi 50. Pima mkondo mara ya kwanza ukitumia rizista. Mkondo ukizidi, chembe hupata moto na kuchacharika. Toa sauti kupitia transfoma ndogo ili umeme wa betri usiingie kwenye amplifaya. Betri zikae kwenye kijumba ndani ya kitako, kwa sababu uzito wake unasaidia. Swichi iwe kwenye kitako pia, mahali ambapo mkono unaigusa kabla ya kuinua stendi. Hiyo ndiyo kinga ya sharti la pili: kuzima kwanza, kusogeza baadaye.

Na usitoe kifaa wala waya kwenye laini au mali ya taasisi bila ruhusa. Kapsuli ya halali ipo. Omba, upewe kwa maandishi.

Kuhusu kinywe chetu

Ruangwa ni wilaya ya kinywe, yaani grafiti, ambayo nayo ni kaboni. Miradi ya kinywe ya Lindi Jumbo, Nachu na Chilalo yote iko huko. Mtu mwenye kapsuli iliyokufa anaweza kushawishika kuifungua na kuijaza unga wa kinywe. Asifanye hivyo. Kinywe ni laini, kinateleza na kinapitisha umeme kwa urahisi mno; unga wake utabanana na kubaki umebanana. Chembe za maikrofoni zinatakiwa ziwe ngumu, zibanwe na zirudi. Ndiyo maana mwaka 1886 Edison aliomba hataza ya chembe zilizotokana na makaa ya mawe ya antrasaiti yaliyookwa.

Kinywe kina nafasi yake darasani. Kiini cheusi cha penseli ni kinywe kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Vunja viini vitatu: viwili vilaze sambamba juu ya ubao mwembamba na uviunge kwenye waya, cha tatu kikae juu yake kwa kukatiza, bila kufungwa. Weka betri moja na hedifoni katika mzunguko huo, na umepata maikrofoni ya Hughes. Wanafunzi wauweke ubao huo mezani, wagonge meza, wasikilize. Kisha wauweke juu ya sponji nene, wagonge tena. Watakuwa wameelewa kazi ya stendi kabla hawajaijenga.

Vumbi, mvua na wadudu

Kiangazi cha kusini kina vumbi, na kuanzia Desemba hadi Aprili kuna unyevu unaozifanya chembe zigandamane. Ishonee maikrofoni mfuko wa kitambaa cha pamba, uivishe kila baada ya kazi. Utazuia pia nyigu wanaoziba matundu kwa udongo. Hifadhi pamoja nayo vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Bakelaiti ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, bila petroli wala tina. Mpe kila msemaji onyo moja: asipulize. Kupuliza hupeleka unyevu ndani na huumiza kiwambo. Akitaka kujaribu, aseme neno, mdomo ukiwa sentimita 5 kutoka kwenye kapsuli.

Ijaribu kabla ya kuisifu

Vaa hedifoni. Mwenzako agonge meza kwa kidole, avute kiti, apite kwa kukanyaga. Kisha asome aya moja kwa sauti ya kawaida. Kama kishindo cha meza bado kinaishinda sauti yake, fuata njia ya mtetemo: gusa waya, gusa springi moja baada ya nyingine, angalia kama nyumba inagusa pete. Mara nyingi kosa liko kwenye waya. Mvumo mwembamba usiokoma, kama wa mchanga unaomwagika, usikusumbue. Huo ni wa kaboni yenyewe na hakuna stendi inayouondoa. Mvumo mzito wa umeme ni jambo lingine: sogeza transfoma mbali na chaja na nyaya za ukutani.

Ukimaliza, bandika chini ya kitako karatasi yenye maneno machache: kapsuli ilitoka wapi, nani aliitoa, stendi ilijengwa lini, springi zinashuka milimita ngapi, betri ni volti ngapi. Fundi wa kesho atahitaji namba hizo kuliko atakavyohitaji sifa zako.

Walimu na mafundi wa Chunyu, Nachingwea na Ruangwa, kazi hii haidai vifaa vya kuagiza ng'ambo. Mbao mnazo, fundi wa kuchomelea yupo, na simu za kale bado hazijaisha zote. Tafuteni moja kabla haijafika kwa wanunuzi wa chuma chakavu, mjenge stendi yake pamoja na vijana, na muwaache waongee mbele yake.